Je, Wajua? Mila Inavyofanya Kazi Garissa, Wajir na Mandera

Mtalii anayetaka kuona utamaduni wa Kenya hupelekwa kutazama ngoma na shanga. Huko Kaskazini Mashariki utamaduni hauonekani kirahisi hivyo, kwa sababu uko kazini. Sehemu kubwa ya Garissa, Wajir na Mandera hupata mvua isiyofika milimita 400 kwa mwaka. Mto wa kudumu ni mmoja tu, Tana, nao unapita ukingoni mwa eneo hilo. Serikali ilichelewa kufika, na ilipofika, kwa muda mrefu ilikuja na bunduki na vizuizi. Watu wakajitengenezea wenyewe njia za kukopeshana, kuhukumiana, kuaminiana na kukumbuka, na nyingi kati ya njia hizo zinatumika hadi leo. Yafuatayo ni machache tu.

Je, wajua kwamba ng'ombe wa Garissa huuzwa kwa vidole?

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki. Ng'ombe hufika hapo wakitoka vijiji vya kaunti yenyewe na wengine kutoka Jubaland, ng'ambo ya mpaka wa Somalia, kisha hupakiwa malori kuelekea Nairobi na Mombasa. Katikati ya mchungaji na mnunuzi husimama dalali, ambaye Wasomali humwita dilaal.

Watazame madalali wawili wakiafikiana kwa desturi ya masoko ya Kisomali. Mmoja anaingiza mkono chini ya shuka ya mwenzake, mikono inakutana pasipoonekana, na mazungumzo yanaanza. Vidole vinavyoshikwa ndivyo tarakimu. Kama ni mamia au maelfu, wote wawili wanajua kwa kumwangalia mnyama aliye mbele yao. Mmoja anatikisa kichwa, anautoa mkono, anaurudisha. Watu wamewazunguka, vumbi limetanda, na hakuna anayejua ni bei gani imetajwa. Biashara ikifa, mwenye ng'ombe haaibiki kwa kuonekana amekataliwa kwa bei ya chini, wala mnunuzi anayefuata hajui aanzie wapi.

Ila bei ni nusu tu ya kazi ya dalali. Mfanyabiashara wa Nairobi atajuaje kwamba fahali huyu hakuibwa? Dalali anawafahamu watu wa ukoo wa muuzaji, anazitambua alama za kuchoma zilizo ubavuni mwa mnyama, naye husimama dhamana. Ikigundulika baadaye kwamba mnyama ni wa wizi, ni yeye atakayetafutwa, na jina lake likichafuka hana tena nafasi sokoni. Somalia ilipokosa serikali kuu mwaka 1991, wengi walitarajia biashara ya ng'ombe ya mpakani ife. Badala ya kufa ilikua, kwa sababu haikuwa ikitegemea serikali tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba kitambulisho cha kwanza cha Msomali ni orodha ya mababu?

Mtoto hufundishwa nasaba ya upande wa baba tangu akiwa mdogo: jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka kumi, kumi na tano na zaidi. Wasomali hawana jina moja la familia linalorithiwa. Jina la tatu la mtu ni la babu yake tu. Wageni wawili wakikutana safarini, kila mmoja hupanda ngazi ya mababu zake mpaka wafike kwa mzee mmoja. Wakimpata, wameshajua nani amwite mwenzake ina adeer, yaani mtoto wa ami, nani ana haki ya kunywesha ngamia katika kisima kipi, na damu ikimwagika nani atachangia fidia. Ni maarifa ya kuokoa maisha katika nchi ambayo kisima kinachofuata huenda kiko mwendo wa siku mbili.

Nasaba hiyo hiyo imeingia kwenye siasa. Kabla ya uchaguzi wa 2013, baraza la wazee wa ukoo wa Garre huko Mandera lilikaa na kugawa viti vya kaunti miongoni mwa koo kabla wananchi hawajapiga kura. Wenyewe waliita demokrasia ya mashauriano. Mwaka 2017 wazee wakaamua kwamba waliokuwa madarakani wawapishe wengine. Gavana Ali Roba akakataa, akagombea tena, akashinda. Tukio hilo linafunza mengi kuhusu mila kuliko hotuba nyingi za kuisifu, kwani wazee walisema, wakasikilizwa, na bado wapiga kura wakaamua vingine.

Majina ya utani yasiyoudhi

Akina Mohamed, Abdi, Hassan na Fatuma ni wengi mno, kwa hiyo karibu kila mtu ana jina la utani. Mara nyingi hutaja jambo la mwilini, kama kilema, urefu, jicho au meno, na hutamkwa hadharani mbele ya mwenyewe, hata akiwa mzee wa heshima au mbunge. Mgeni hushtuka. Mwenyeji hukosa kumpata mtu akiuliza kwa jina la cheti cha kuzaliwa.

Je, wajua kwamba muuaji hutozwa pamoja na binamu zake?

Sheria ya kimila ya Wasomali huitwa xeer. Chini yake, roho ya mwanamume ililipiwa dia, yaani fidia ya damu, ya ngamia 100, na ya mwanamke ngamia 50. Mtu mmoja hawezi kulipa mali hiyo, wala hakutarajiwa kuilipa peke yake. Kila mwanamume aliye katika kundi lake la dia hutoa sehemu. Hapo ndipo ilipo nguvu ya utaratibu huu. Kijana mwenye hasira akianza kunoa kisu, ami zake na binamu zake wana sababu ya kumkamata mkono mapema, maana ngamia watakaoondoka ni wao.

Mwaka 2001 wazee, maofisa wa serikali na wawakilishi wa jamii walikutana Modogashe, mji ulio njiapanda ya Garissa, Wajir na Isiolo, wakaandika makubaliano kuhusu wizi wa mifugo, malisho, silaha na fidia ya damu. Makubaliano hayo yalirekebishwa Garissa mwaka 2005. Dola ya kisasa, yenye Katiba na mahakama zake, ilikaa chini ya kivuli na kukubali hesabu ya ngamia.

Hata hivyo kuna jambo ambalo anayeipenda jamii hii hana ruhusa ya kulifumbia macho. Utaratibu wa wazee kusuluhisha kesi, unaoitwa maslaha, umetumika mara nyingi kumaliza hata kesi za ubakaji. Wanaume huketi, hukubaliana juu ya mifugo au fedha, nazo hupewa baba au ami. Msichana aliyeumizwa haulizwi, na aliyemuumiza anarudi mtaani. Hesabu hiyo ya ngamia 50 dhidi ya 100 nayo inajieleza. Vivyo hivyo ukeketaji. Kenya iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta kwamba takriban asilimia 98 ya wanawake wa Kaskazini Mashariki wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 21. Wako mashekhe wa eneo hilo wanaohubiri kwamba dini haikuamrisha jambo hilo, na wako akina mama waliokataa kuwapeleka binti zao kwa ngariba. Hao nao ni sehemu ya utamaduni wa Kaskazini Mashariki, na kwangu mimi ndio sehemu yake iliyo bora zaidi.

Je, wajua kwamba kamati za amani za Kenya zilianzia kwa wauza maziwa wa Wajir?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir ilikumbwa na ukame na mapigano ya koo kwa wakati mmoja. Chuki ilishuka hadi kwenye meza za soko. Mwanamke wa ukoo huu hakununua maziwa kwa yule wa ukoo ule, na aliyethubutu alitukanwa au kupigwa.

Kundi dogo la wanawake wa koo tofauti, akiwemo mwalimu Dekha Ibrahim Abdi, lilianza kuzungumza baada ya kukutana harusini. Hawakuanza na mkutano wa hadhara wala na mkataba. Walianza na soko. Walikwenda kwa wauza maziwa na mboga wakawaambia jambo moja tu: hapa kila mtu anauza na kila mtu ananunua. Wakaweka wanawake wa kuangalia. Ugomvi ulipozuka kati ya wawili, waliuzima hapo hapo kabla haujafika kwa wanaume.

Msomaji atauliza kwa nini wanawake. Jibu liko katika ndoa. Msichana huzaliwa katika ukoo mmoja na mara nyingi huolewa katika ukoo mwingine, bila kuacha kuwa binti wa kwao. Vita vikianza, kaka zake wako upande huu na wanawe upande ule. Hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa na mengi hivyo ya kupoteza pande zote mbili.

Soko lilipotulia, waliwaendea wazee, na Septemba 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah, lililoweka kanuni za kurudisha amani Wajir. Baadaye vijana, wafanyabiashara, mashekhe na maofisa wa serikali waliingia, na mwaka 1995 juhudi hizo zikaunganishwa na kamati ya maendeleo ya wilaya, mkuu wa wilaya akiwa mwenyekiti. Mfano huo ukaigwa kaskazini kote. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Kenya nzima ilipotafuta namna ya kuwapatanisha majirani, kamati za amani za wilaya zilienezwa nchini, zikiwa zimefuata ramani iliyochorwa Wajir. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani. Nadhani kila mwanafunzi wa Kenya anastahili kumjua kama anavyomjua Wangari Maathai.

Je, wajua kwamba tiba ya kifua kikuu ilijifunza kutoka kwa manyata?

Mwitaliano Annalena Tonelli, aliyesomea sheria, alifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuwa mwalimu Wajir. Aliona wagonjwa wa kifua kikuu wakianza dawa, wakipata nafuu, kisha wakiondoka. Madaktari waliwalaumu kwa ukaidi. Kumbe mvua imenyesha mahali, mifugo imehama, na mtu hawezi kubaki wodini miezi kumi na miwili akitazama dari huku familia yake ikienda zake. Isitoshe, kitanda cha hospitali na kuta zake vilikuwa kifungo kwa mtu aliyezoea kulala karibu na ngamia wake.

Kuanzia 1976, katika mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani, Tonelli aligeuza utaratibu. Wagonjwa walijenga vibanda vyao vya mikeka karibu na hospitali, wakaishi humo kama walivyoishi porini, na kila siku wakameza dawa mbele ya mtu mpaka miezi sita ya tiba fupi ikaisha. Kijiji hicho kikaitwa Manyata ya TB. Waliomaliza dawa wakawa wengi. Njia hiyo ya kumsimamia mgonjwa akimeza dawa ndiyo ambayo shirika hilo lilikuja kuieneza duniani katika miaka ya 1990.

Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walipokusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya Wajir, na wengi wao wakauawa, Tonelli alisaidia kuokota majeruhi na miili. Alipopaza sauti, alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi yake Somalia na kisha Borama, Somaliland, ambako aliuawa kwa risasi Oktoba 2003, miezi michache baada ya kupewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa huduma yake kwa wakimbizi.

Nyumba ni ya mke

Herio, ile nyumba ya mviringo ya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka, husukwa, husimamishwa na hubomolewa na wanawake. Jamaa wa kike wa bi harusi ndio wanaoitengeneza, naye ndiye mwenyewe. Siku ya kuhama, fito hugeuka kuwa fremu ya mzigo mgongoni mwa ngamia, na mikeka hulazwa chini yake ili zisimuumize. Mume akikorofishana na mkewe, mwenye kulala nje anajulikana.

Je, wajua kwamba moshi huosha chombo?

Maji yakiwa haba, huwezi kuosha kibuyu cha maziwa mara tatu kwa siku. Wanawake wafugaji wana dawa yake. Mama huchukua kijiti cha mti aliouchagua, kwani si kila mti unafaa, hukichoma mpaka kichwa kiwe kaa jekundu, kisha hukitumbukiza ndani ya chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi au kuchongwa kwa mti. Anafunika. Moshi mweupe unapenya kwenye kingo za kifuniko. Anatikisa, anageuza, anafungua, anaingiza kijiti kingine. Mwisho anapangusa majivu na masizi, na chombo kinabaki cheusi ndani, kikinukia. Moshi huo hupunguza vijidudu, huchelewesha maziwa kuharibika, na huyapa ladha ambayo mzaliwa wa Garissa anayeishi Nairobi huitafuta Eastleigh nzima.

Maziwa ya ngamia yenyewe yana vitamini C takriban mara tatu ya maziwa ya ng'ombe, neema kubwa mahali ambapo tunda ni adimu. Yakiachwa yachache huwa suusac, kinywaji chepesi chenye ukali wa kupendeza. Shida ya siku hizi ni mitungi ya plastiki ya mafuta ya kupikia inayotumika kusafirisha maziwa hadi mjini. Ni myepesi na ya bei nafuu, lakini mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, na moshi haukai humo vizuri kama ukaavyo kwenye mti. Ujuzi wa bibi umekutana na chombo kisichoukubali, na maziwa mengi humwagwa kwa sababu hiyo.

Nyama nayo ina njia yake. Nyirinyiri hukatwa vipande vidogo mno, hukaushwa, hukaangwa mpaka maji yote yatoke, kisha hufunikwa kwa samli na iliki. Hukaa miezi kadhaa bila jokofu. Hiyo ndiyo iliyokuwa posho ya safari, na sasa hupelekwa kwa watoto walioko vyuoni.

Je, wajua kwamba taifa la washairi lilikaa bila maandishi rasmi hadi 1972?

Kisomali kilipata herufi rasmi za Kilatini Oktoba 1972 tu. Kabla ya hapo palikuwa na majaribio, kama hati ya Osmaniya iliyobuniwa na Osman Yusuf Kenadid karibu mwaka 1920, lakini maisha ya kila siku yaliendeshwa kwa kumbukumbu. Mashairi yalibeba habari, mashtaka, upatanisho na vita. Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, aliyepigana na Waingereza kwa miaka ishirini, alikuwa mshairi hodari sawa na alivyokuwa kiongozi wa vita, na tungo zake ziliwasumbua adui zake kama bunduki zake.

Sisi wa Kiswahili twajua vina: silabi hukutana mwishoni na katikati ya mshororo. Msomali hufanya kinyume. Sauti hukutana mwanzoni mwa maneno, na sauti iliyochaguliwa katika mshororo wa kwanza lazima irudi katika kila mshororo mpaka shairi liishe, hata likiwa la mishororo mia. Mtunzi akianza na D, amejifunga kwa D. Kanuni hii ni ngumu, na ndiyo inayolihifadhi shairi. Msomaji wa kichwa akisahau neno, sauti humwelekeza, na akitia neno lake mwenyewe, wasikilizaji hugundua papo hapo. Wanawake wana utanzu wao, buraanbur, unaosikika hadi leo kwenye harusi za Garissa, mmoja akighani na wengine wakipiga makofi na kucheza kwa zamu.

Redio ilitangulia kalamu. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mwaka 1957, miaka 15 kabla ya lugha yenyewe kuwa na maandishi rasmi, na mchungaji akatembea na redio ya betri begani.

Je, wajua kwamba Kismayu iliwahi kuwa Kenya?

Hadi 1925 Jubaland yote, Kismayu ikiwemo, ilikuwa sehemu ya koloni la Kenya. Uingereza iliikabidhi kwa Waitaliano mwaka huo, malipo ya kuwa upande wake katika Vita Vikuu vya Kwanza. Koo, visima na malisho vikakatwa na mstari ambao wenyewe hawakuulizwa. Watu wa mpakani waliendelea kuvuka, na mapishi yalivuka pamoja nao. Ndiyo sababu tambi za Kitaliano, baasto, ni chakula cha kawaida mezani Garissa, zikiliwa kwa mchuzi wa nyama na, kwa wengi, ndizi mbivu pembeni. Mpwani hucheka mara ya kwanza. Mara ya pili huomba ndizi.

Yaliyofuata si ya kuchekesha. Wakoloni waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kuingia na kutoka kukawa kwa kibali. Mwaka 1962 tume iliyotumwa kuuliza maoni ilikuta Wasomali wa eneo hilo wanataka kujiunga na Somalia. Kenya huru ikarithi dai hilo, likazaa vita vya Shifta, vilivyoendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda akiwa mpatanishi. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka 1991. Vijana wa huko waliendelea kupigwa msasa na kamati maalumu ili wapate kitambulisho ambacho mwenzao wa Nyeri hukipata kwa kujaza fomu. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuufuta msasa huo.

Abiria wa El Wak

Novemba 2014, wapiganaji wa al-Shabaab walisimamisha basi karibu na mji wa Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Aprili 2, 2015, walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Tarehe 21 Desemba mwaka huo walisimamisha basi jingine karibu na El Wak, wakaamuru Waislamu wasimame upande wao.

Abiria walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa Wakristo hijabu zao wajifunike, na watu wakawaambia wale wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa Januari 2016 hospitalini Nairobi, na serikali ikamtunuku nishani baada ya kifo chake. Filamu fupi ya *Watu Wote* ya mwaka 2017, iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg wakishirikiana na Wakenya, ilisimulia kisa hicho na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Msafiri katika mila ya Wasomali ni amana ya aliye naye njiani. Siku ile amana hiyo ilidaiwa kwa mtutu wa bunduki, ikalipwa.

Je, wajua kwamba setilaiti hupima njaa ya ngamia?

Aliyepoteza mifugo kwa ukame alikuwa na haki ya irmaansi: jamaa humkopesha mnyama anayekamwa, anywe maziwa yake yeye na wanawe, na amrudishe atakapokauka. Mpango huo hufanya kazi vizuri ukame ukimpiga mmoja. Ukiwapiga wote, hakuna wa kukopesha.

Agosti 2013 bima ya mifugo inayofuata kanuni za Kiislamu ilianzishwa Wajir, kwa utaalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo yenye makao Nairobi. Hakuna anayetumwa kuhesabu mizoga. Setilaiti hutazama ukijani wa malisho kutoka angani, na ukishuka chini ya kiwango, wote waliochangia hulipwa. Machi 2014 wafugaji takriban 100 wa Wajir walilipwa. Wengi wangeikataa bima ya kawaida, kwa kuwa ina riba na kubahatisha. Hii waliielewa kwa sababu ni mfuko wa pamoja wa kusaidiana, jambo walilolifanya tangu zama za babu zao.

Wenyeji wa ukingo wa mto

Si kila mwenyeji wa Garissa ni mfugaji wala Msomali. Wamunyoyaya, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kioromo, wamelima na kuvua kwenye kingo za Tana tangu kabla mji haujakuwa mji. Kusini, katika msitu wa Boni, Waaweer wameishi kwa asali na uwindaji.

Je, wajua kwamba Garissa iliwahi kwenda mahakamani kumtetea paa?

Hirola ni paa mwenye alama nyeupe iliyozunguka macho kama miwani. Wamebaki chini ya 500 porini, wengi wao karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipanga kuwahamishia Tsavo kwa usalama wao. Wakazi wa Garissa wakakimbilia Mahakama Kuu. Hoja yao ilikuwa kwamba wanyama hawa Mungu aliwaweka hapa, na shirika limepewa kazi ya kuwalinda mahali walipo. Mahakama ikatoa zuio.

Wangeweza kuishia kwenye ushindi huo. Badala yake wafugaji wa Ijara, kusini mwa Garissa, walitenga eneo la Ishaqbini kuwa hifadhi ya jamii, wakakubaliana wapi ng'ombe wasiingie, na mwaka 2012 ukajengwa ua wa kuzuia simba na fisi, wakaingizwa hirola 48. Miaka michache baadaye idadi yao ndani ya ua ilikuwa imepita mara mbili, wakilindwa na vijana wa Ijara wenyewe.